Mbegu Hukaa Kwangu

Jumamosi iliyopita, kwenye matanga huko Ganda, jenereta ya didjei ilizima saa sita na ushei usiku. Petroli imekwisha, maduka yamefungwa. Vijana wa kikundi changu cha makayamba walikuwa chini ya mkorosho tangu magharibi, wamenuna, maana waliambiwa wangoje disko ipumzike. Haikupumzika mpaka ilipokufa. Basi makayamba yakaingia uwanjani, ikachezwa ngoma ya mwanzele hadi alfajiri, na akina mama waliokuwa wamelala ndani na leso zao wakatoka mmoja mmoja. Didjei yule yule aliyeniambia jioni niondoe vikorokoro vyangu karibu na spika zake, nilimwona akitikisa bega. Nilifurahi kupita inavyofaa msibani.

Tangu hapo naulizwa: vijana hawa unawapataje? Wengi waliacha shule, baadhi wanapanda minazi kwa kibarua, wengine muguka umewaharibu meno kabla ndevu hazijaota. Haya, hatua ndizo hizi.

Ya kwanza, tafuta kivuli na siku isiyobadilika. Ya pili, mwone mzee wa kijiji mapema. Ya tatu, usihutubie. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipotaka Wagiriama wamsikilize, alitanguliza kifudu. Watu walifuata ngoma, na maneno ya kukataa kodi na kazi za kulazimishwa wakayakuta pale pale. Waingereza walimwogopa hata wakampeleka Kisii. Sasa tazama waliotujia sisi kutoka mradi fulani: saa nzima ya madhara ya dawa za kulevya, karatasi ya mahudhurio, fulana, picha, kwaheri. Wiki iliyofuata fulana zilikuwa zinauzwa sokoni, na za saizi kubwa zilikwisha mapema.

Ya nne ni makayamba. Usinunue. Yale ya vibanda vya ufukweni yamechorwa twiga, ndani changarawe. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba lake ni la Kigiriama asili. Nilimpelekea mzee anayetufundisha, akaliweka sikioni, akanirudishia bila neno.

Tengenezeni wenyewe. Matete tunayakata kando ya Mto Sabaki, asubuhi jua likishapanda, mwenye shamba akitangulia kwa sababu ya viboko. Yaanike mpaka yakauke kabisa. Kisha ni fito za pembeni, matete tabaka mbili, na kamba ya katani inayolishona kila tete na mwenzake. Kazi hii ni ya vidole, macho yakiwa chini, na hapo ndipo kijana ambaye hajasema na mtu mwezi mzima huanza kusema, bila kuulizwa. Mimi humwambia tu avute kamba.

Sasa mbegu, ambazo ndizo zilizonifanya niandike. Zamani kijana akimaliza kayamba lake mchana, jioni mtalii Mtaliano keshalinunua. Simlaumu kijana, njaa haingoji mazoezi. Lakini kikundi kilikuwa hakikui. Dawa tuliyoipata ni hii: kayamba linashonwa lote isipokuwa kona moja, nayo tunaiziba kwa gunzi. Kijana analibeba kwao likiwa tupu. Mbegu za mturituri ziko koponi, na kopo liko kwangu. Kayamba tupu halilii wala halina mnunuzi. Siku ya mazoezi anakuja, anajaza, tunapiga. Tukimaliza anamwaga mbegu koponi na kuondoka. (Kuna sababu nyingine ya kulishikilia kopo: mbegu zile nyekundu zenye jicho jeusi zina sumu kali zikitafunwa, na kwangu kuna watoto.)

Faida nyingine hatukuitarajia. Kwa kujaza na kumwaga kila mara, kila mmoja amejua kipimo cha kayamba lake.

"Babu, mbona langu halijibu?"

"Punguza, mwanangu. Mbegu zipate njia."

Anapunguza konzi, anainamisha kushoto, kulia, na dole gumba linagonga matete katikati ya mtikiso. Dole gumba hilo ndilo linalowashinda wengi. Akiweza kulishika pigo la mwanzele mwanzo hadi mwisho bila kupotea, mzee anachukua sindano na kuishona kona ile, mbegu zikiwa ndani. Wanafunzi wana Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, wana majaji na vyeti. Aliyeachia darasa la saba ana kona ile tu, na nimewaona wakivaa shati safi siku ya kushonewa. Mmoja, dereva wa boda, alimleta mamake. Tangu tuanze hivyo hakuna aliyeuza lililoshonwa, ingawa Mtaliano bado anapita.

Ya tano: patana malipo kabla ya kupiga, na hesabu zisomwe mbele ya wote.

Ya sita ingekuwa ngoma kubwa, lakini bumbumbu hatuna. Fundi mmoja amekaa na ngozi yetu na malipo ya kwanza tangu masika, na kila nikimpigia simu yuko njiani. Anayemjua fundi mwingine, popote kati ya Mtwapa na Marafa, aniambie.