Mbwa Hajui Mpaka: Kuwalinda Mbwa na Paka Nyumbani Wakati wa Sikukuu



Kila mwaka, kuanzia Krismasi hadi siku za mwanzo za Januari, dawati letu hupokea taarifa zisizohusu wezi wala walevi: mbwa aliyepotea, paka aliyekufa ghafla, mtoto aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana ni wa nani. Mojawapo hatujaisahau. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, mbwa wa boma moja upande wetu wa Uganda alikata mnyororo fataki zilipoanza, akapita njia za panya, na alfajiri akamng'ata mtoto upande wa Kenya. Wananchi wenye hasira walimuua na kumzika papo hapo. Mwenye mbwa alifika kituoni siku ya tatu akimtafuta, kadi ya chanjo mkononi. Mtoto alikwisha kuanza kuchomwa sindano na leo yu mzima. Lakini kwa siku tatu wazazi wake hawakujua kama mbwa yule alikuwa na kichaa au la, na aliyeweza kuwaambia alikuwa ng'ambo ya mpaka, akipiga mluzi vichakani.

Kisa hicho chote kilianza na mlio. Sikio la mwanadamu husikia sauti zisizozidi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. La mbwa hufika takriban 45,000, na la paka hupita hapo. Mlipuko unaotufurahisha sisi kwake ni shambulio lisilo na adui anayeonekana, naye hukimbia bila kuchagua njia. Hivyo aingizwe ndani mapema jioni, si saa sita usiku baruti zikiwa zimekwisha kulia. Chumba kiwe na madirisha yaliyofungwa, maji na tambara lenye harufu ya nyumbani, na redio ilie kwa sauti ya wastani. Kumfunga mnyororo nje usiku huo hakufai: mwenye nguvu huukata, na asiyeweza huenda akajinyonga. Paka aachwe ajifiche atakapo, juu ya kabati au uvunguni. Asivutwe kwa nguvu. Wala asipewe vidonge vya binadamu ili atulie. Parasetamoli, ambayo karibu kila nyumba inayo, humuua paka hata kwa kiasi kidogo.

Mlango nao ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Wageni huingia na kutoka, watoto hukimbizana, na geti hubaki wazi mchana kutwa. Tunashauri mtu mmoja wa nyumbani akabidhiwe geti kama anavyokabidhiwa chungu cha pilau. Mkanda wa shingoni uandikwe namba ya simu, pamoja na ile ya kuanzia ya nchi, kwa maana anayempata huenda yuko upande wa pili.

Kuhusu chakula hatutasema mengi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Vitunguu huharibu damu ya mbwa na paka. Chokoleti ya watoto ni sumu kwao. Penye chungu cha malwa, machicha yasimwagwe uani, kwani bado yana kileo. Na hapa tuseme kama polisi: mwizi ajuaye kazi yake humtupia mbwa nyama yenye sumu kwanza. Mbwa aliyezoeshwa kulishwa na kila mgeni wa sikukuu ataipokea.

Turudi kwenye kichaa cha mbwa, kwa kuwa ndicho kinachoua. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo kinazuilika kabisa. Aliyeng'atwa, au aliyekwaruzwa hata na paka, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni sikukuu. Asipake mafuta ya taa wala pilipili. Mbwa anayefahamika na kuonekana mzima asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10 na afisa mifugo. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa akiambukiza alipong'ata. Hata hivyo sindano za majeruhi zisisubiri siku hizo ziishe. Daktari ndiye atakayeamua kuzisitisha. Mbwa akiuawa na kuzikwa, ushahidi huzikwa naye.

Kwa hiyo chanjo ifanyike sasa, kabla ya Desemba kwisha, nayo irudiwe kama kadi inavyoelekeza. Wanaokwenda kijijini kwa sikukuu wasimwache mbwa amefungwa na sufuria moja ya maji kwa wiki nzima. Jirani alipwe au aombwe, na mwenyekiti wa LC ajulishwe boma limeachwa na nani. Anayetaka kuvuka mpaka na mbwa au paka wake amwone afisa mifugo siku kadhaa kabla ya safari, akiwa na kadi ya chanjo, apate kibali. Mwaka hata mwaka kuna mtu hufika mpakani jioni ya tarehe 24 akiwa na mbwa ndani ya gari, anayetuomba sisi tumwandikie. Kibali hicho hakitolewi na polisi.