Priamplifaya Ikae Wapi? Mafunzo Niliyopata Kisaki

Sisi wa Kisaki tuna Milima ya Uluguru upande wa kaskazini, na vilele vyake vinapita mita 2,600. Mawimbi ya VHF kutoka Morogoro mjini hutufikia yakiwa hoi. Redio ya ridhaa imenifunza kwamba mahali pa kufunga priamplifaya, kifaa cha kukuza mawimbi hafifu kabla hayajaingia redioni, pana uzito zaidi kuliko bei yake.

1. Ifunge juu, jirani na antena.
Kebo hula mawimbi. Mita 20 za kebo ya RG-58 kwenye megahezi 145 hupoteza desibeli 3 hadi 4, yaani nusu ya nguvu au zaidi. Priamplifaya ikikaa mezani hukuza mabaki tu, na kelele pamoja nayo. Harald Friis wa Maabara za Bell alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1944: hatua ya kwanza ndiyo inayoamua usafi wa mapokezi yote.

2. Tazama dishi la televisheni.
LNB, yaani kipokezi chenye priamplifaya ndani yake, imewekwa mbele ya dishi, haikuwekwa nyuma ya king'amuzi. Dishi la namna hiyo hupokea pia QO-100, kituo cha wanaridhaa kilichomo ndani ya satelaiti ya Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018. Ukiwa Kisaki, satelaiti hiyo iko zaidi ya digrii 70 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo mlima hauizuii.

3. Kwenye masafa mafupi, jaribu kwanza.
Chomoa antena ukiwa megahezi 7. Kelele ikishuka wazi, redio yako inasikia vya kutosha. Kelele hiyo ni ya radi za mbali na mitambo ya jirani. Priamplifaya itaikuza sawasawa na sauti unayoitafuta.

4. Iepushe na nguvu za kurusha.
Relei iitoe njiani kwanza, ndipo wati zipite. Zikitangulia wati, transista ya priamplifaya inaungua.

5. Ilinde na masika.
Sanduku lisipitishe maji, liwe na kitundu chini cha kutolea unyevu, na konekta zizungushiwe utepe wa mpira. Weka kinga ya radi iliyounganishwa na ardhi. Wingu likifunga, chomoa kebo.

Mwenye fedha kidogo aanze na antena bora, mlingoti mrefu na kebo nene. Priamplifaya ifuate baadaye, na ikifika ipande juu.