Kitochi na Simu Janja: Kiasi Kinakaa Wapi?



Wapendwa vijana, leo tunaitazama fadhila ya kiasi. Tukitaja kiasi, wengi wetu tunawaza pombe au sahani ya ubwabwa. Leo tuingie mfukoni. Tuweke mezani simu mbili ambazo kila mmoja wetu anazijua: kitochi, ambacho wengine wanakiita kiswaswadu, na simu janja ya bei nafuu, hizi Tecno, Itel na Infinix zilizojaa madukani.

Ili tusiongee hewani, tumchukue kijana wa Magoma, wilayani Korogwe, katika Jimbo Katoliki la Tanga. Ameuza mahindi, au amefanya kibarua kwenye mkonge, na hela kidogo imebaki. Kitochi chake bado kizima. Lakini wenzake wote wana simu kubwa, na yeye anajiona amebaki nyuma. Je, anunue?

Neno la Mungu: Lk 14:28-30, 1 Kor 6:12

Katika Luka, Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa chini na kupiga hesabu, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na watu. Na Mtume Paulo anawafundisha Wakorintho kwamba kitu kinaweza kuwa halali na bado kisikufae, na kwamba yeye hatakubali kutawaliwa na kitu chochote. Tushike hayo mawili, hesabu na uhuru. Somo lote linasimama hapo.

1. Kitochi: kifaa chenye mpaka wake

Kitochi kilipata jina lake kutokana na tochi iliyo kichwani. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi yake, iliuzwa zaidi ya simu milioni 250 duniani. Ilipendwa na watu wa vijijini kwa sababu ilivumilia vumbi, na ukiichaji inakaa siku kadhaa.

Tusikidharau kitochi. Kinapiga, kinapokea, kinatuma ujumbe wa herufi 160. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mama kijijini anapokea hela ya mwanae aliye Dar es Salaam kwa kubonyeza *150*00#, bila bando. Vingi vina redio, kwa hiyo pale masafa yanapofika unasikiliza Radio Maria ukiwa shambani, bure kabisa.

Sasa angalia jambo moja. Ukimaliza kuongea kwenye kitochi, umemaliza. Ukishasoma ujumbe, hakuna kingine cha kusoma. Hata ule mchezo wa nyoka, nyoka akijigonga mchezo umeisha. Mpaka umo ndani ya simu yenyewe.

2. Simu janja: kifaa kisicho na mwisho

Simu janja nayo ina mema mengi, na tuyaseme bila unafiki. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa mtandao. Anayetafuta kazi serikalini anaingia kwenye Ajira Portal. Biblia, masomo ya Misa ya kila siku na Masifu vyote vinaingia kwenye simu moja. Kwaya inatumiana nota na sauti za mazoezi kwenye WhatsApp, na anayeimba besi anajifunza sauti yake kabla hajafika kwenye mazoezi.

Lakini simu hii haina mahali inaposema "basi, imetosha." Video ikiisha, nyingine imeshaanza. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa kompyuta, Aza Raskin, alibuni ule mtindo wa ukurasa usiofika mwisho, kwamba ukivuta chini vinakuja vingine na vingine. Baadaye alisema hadharani kwamba anajutia matokeo yake. Aliyetengeneza ameona tatizo, sisi tunaotumia je?

Hata betri inafundisha. Betri ya ile Nokia 1100 ilikuwa ya mAh 850. Simu janja nyingi za bei nafuu leo zina mAh 5000, karibu mara sita, na bado jioni unatafuta pa kuchaji. Kilichoongezeka si nguvu tu. Na ulaji umeongezeka, umeipita nguvu yenyewe.

3. Mbwa, sungura na mjusi

Mtakatifu Augustino, katika Maungamo, kitabu cha 10, anasimulia kitu ambacho kijana wa leo atakielewa haraka. Anasema akiwa njiani akamwona mbwa anamkimbiza sungura, tukio hilo linaweza kumtoa kwenye wazo zito alilokuwa nalo. Hata akiwa amekaa nyumbani, mjusi anayekamata nzi anamteka macho. Huyo ni askofu wa karne ya 4 na ya 5, hana bando, hana simu! Mjusi ukutani anamtosha.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anauchukua mfano huo wa mbwa na sungura katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 167. Anatofautisha mambo mawili. Kuna bidii njema ya kujua, studiositas, ambayo anaiweka chini ya fadhila ya kiasi. Na kuna udadisi usio na mpangilio, curiositas, ambao ni kilema. Kwa Thoma, kujua ukweli ni kwema. Ubaya unaingia pale hamu ya kujua inapokutoa kwenye wajibu wako, au inapokupeleka kwenye tamaa, au inapokufanya uchungulie maisha ya watu ili uwadharau. Ukizitafsiri kwa lugha ya simu utapata: kuperuzi wakati wa kazi, picha chafu, na udaku.

Kwa hiyo jibu la swali letu, kiasi kinakaa wapi, ni hili. Kwenye kitochi, kiasi kinakaa ndani ya kifaa. Kwenye simu janja, kifaa hakina kiasi, kwa hiyo ni lazima kitoke kwako. Ukinunua simu janja umechukua pia kazi ambayo kitochi kilikuwa kinakufanyia bila wewe kujua: kazi ya kusema "imetosha."

4. Je, mwenye kitochi ni mtakatifu zaidi?

Hapana, na hapa tuwe makini. Kushindwa kutenda dhambi kwa kukosa kifaa sio fadhila. Katekisimu, namba 1809, inaeleza kiasi kuwa fadhila inayotawala mvuto wa anasa na kuleta uwiano katika kutumia vitu vilivyoumbwa. Mwenye kutawala hapo ni utashi wa mtu, sio udogo wa kioo. Mwenye kitochi anaweza kusengenya kwa dakika za ofa usiku kucha. Na mwenye simu janja anaweza kuwa huru kuliko yeye.

Tunaye shahidi. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyezaliwa mwaka 1991 na kufariki kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, alipenda sana kompyuta. Alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Alipenda pia michezo ya video, na inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Carlo hakuitupa kompyuta. Aliipa kazi, na akaiwekea saa.

5. Turudi kwa kijana wa Magoma

Akae chini apige hesabu, kama Bwana alivyofundisha. Bei ya dukani ni mwanzo tu. Kuna bando la kila wiki, kuna kuchaji mara kwa mara, na kuna kioo, ambacho kikipasuka kinakula hela nyingine. Siku hizi kuna pia simu za mkopo: unatoa kianzio, halafu unalipa kidogo kidogo, na usipolipa simu inajifunga. Mvua ikisimamisha kibarua, deni halisimami.

Halafu ajiulize: ninainunua kwa kazi gani? Kama ana jibu, mfano kuomba chuo, kutafuta soko la mahindi, kujifunza ufundi, basi anunue kwa amani, na kitochi akitunze. Kama jibu pekee ni "kila mtu anayo," asubiri kwanza. Kubaki na kitochi kwa hiari, huku uwezo wa kununua unao, hilo nalo ni tendo la kiasi.

Zoezi la wiki

1. Chagua saa ya kuilaza simu, na iwe mbali na kitanda. Kama unaihitaji kukuamsha, kitochi kinaamsha vizuri tu.
2. Asubuhi, sala kabla ya data. Washa data baada ya ishara ya msalaba, sio kabla.
3. Kabla ya kufungua simu, jiambie unafungua kufanya nini. Ukimaliza hicho, funga.
4. Jumapili, tangu unatoka nyumbani kwenda Misa mpaka unarudi, zima data. Simu yako iwe kitochi kwa muda huo.

Maswali ya kujadiliana kwenye kikundi

- Kati ya mambo matatu anayoyataja Mt. Thoma, lipi linakusumbua zaidi kwenye simu?
- Je, kuna kijana kwenye jumuiya yetu anayeachwa nje kwa sababu taarifa zote zinapita WhatsApp? Tumfanyie nini?
- Simu yako ikipotea leo, utakosa kitu gani cha kweli, na utapumzika na kitu gani?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulijitenga na makutano ukaenda mlimani kusali. Utupe moyo unaojua kusema imetosha. Mikono yetu ishike simu, lakini simu isishike mioyo yetu. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee. Amina.