Maji Yamekwenda Wapi?

Tuseme asubuhi moja mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, wanaletwa hospitalini watoto wawili, kila mmoja ana kilo kumi na umri wa mwaka na nusu. Wa kwanza katoka mtaa wa Kalundu, ameharisha usiku kucha majimaji kama ya kuoshea mchele. Wa pili katoka bonde la Ruzizi, ana homa siku ya tatu. Wote wamelegea, miguu baridi, moyo unakwenda mbio. Mama zao wanamwomba daktari kitu kimoja: "Munganga, mumutie mtoto seromu." Seromu ndiyo dripu ya jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, na kwetu chupa ile inayoning'inia imekuwa alama yenyewe ya kutibiwa.

Daktari anayesomea huduma ya watoto mahututi hufunzwa kuuzuia mkono wake kidogo, aulize kwanza: maji ya mtoto huyu yamekwenda wapi?

Tupige hesabu. Mtoto ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo. Kilo kumi ni mililita 800: chupa kubwa ya bia ya Primus, na kikombe kidogo cha kahawa juu yake. Hiyo ndiyo damu yote. Kipindupindu kikali kimemnyang'anya mtoto wa kwanza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani lita moja, zaidi hata ya damu aliyo nayo! Yu hai bado kwa sababu mwili una akiba nyingine, maji yaliyomo ndani ya seli na kati ya seli na seli, ambayo huvuja polepole kurudi mishipani. Finya ngozi ya tumbo lake, uachie. Inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Sekunde mbili zinapita haijalala. Akiba imekwisha. Hapa kukawia ni kuua: mililita 100 za seromu kwa kila kilo, 30 za kwanza ndani ya nusu saa, 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu.

Sasa wa pili. Ngozi yake ukiifinya inarudi papo hapo, lakini kiganja ni cheupe kama karatasi. Huyu hakupoteza maji. Malaria imepasua chembe nyekundu za damu, hemoglobini inayobeba oksijeni imebaki gramu 4 kwa desilita. Katika mililita zake 800 mna gramu 32 tu. Mmiminie haraka mililita 400 za maji ya chumvi: zikikaa mishipani, gramu ni zile zile 32, sasa ndani ya mililita 1,200, chini ya gramu 3 kwa desilita. Ni kama ziwa lilipopanda likaingia Kalundu: maji yaliongezeka. Mitumbwi ya kubeba mizigo haikuongezeka. Anachohitaji mtoto huyu ni damu.

Kwa miaka mingi mwongozo ulikuwa kwamba mtoto mwenye dalili hizi za miguu baridi na moyo kwenda mbio atiwe maji kwa kasi. Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya utafiti Kilifi, na wenzake wakaamua kupima jambo hilo katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141 wenye homa na mzunguko dhaifu wa damu. Wenye kuharisha hawakuingizwa. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa haraka, zaidi ya 10 walifariki. Kati ya waliopewa maji ya polepole tu, 7. Wengi walidhani mapafu ndiyo yangejaa maji, kumbe uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba tofauti ile ilitokana zaidi na kuporomoka kwa mzunguko wa damu. Watatu zaidi katika kila mia, kwa mikono iliyotaka kuwaokoa. Namba hiyo haijaacha kuniuma.

Swali lile lile linamngoja mtaalamu wa usingizi. Mtoto aliyekauka hukaza mishipa yake, na presha husomeka nzuri hadi karibu na mwisho. Sasa mlete mezani kwa utumbo uliotoboka baada ya siku mbili za kutapika: dawa nyingi za usingizi hulegeza mishipa ile ile iliyokuwa imeshikilia kila kitu, na presha inaanguka ghafla. Chuo Kikuu cha Nairobi kina mafunzo ya mwaka mzima ya usingizi wa watoto, kwa madaktari ambao tayari ni mabingwa wa usingizi. Mwaka huo natamani sana umfikie daktari wa Uvira, kwa kuwa vifaa vingi vya somo hili anavyo mikononi.

Daktari huyo anabonyeza kifua cha mtoto wa Kalundu kwa kidole, anaachia, anahesabu rangi irudi. Kisha kiganja kinapanda kutoka vidole vya mguu kutafuta baridi inaishia wapi. Gotini. Anaacha seromu iende kwa kasi. Baada ya dakika kumi na tano anarudia, kiganja kile kile, mguu ule ule. Baridi imeshuka hadi kwenye kifundo.