Uso wa Mwalimu Usitoe Jibu

Katika kujifunza kazi ya ualimu tunatilia mkazo andalio la somo, zana na matumizi ya ubao. Aghalabu tunasahau kwamba mwili wa mwalimu nao husema, na watoto huusikiliza.

Mfano mashuhuri watoka Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wilhelm von Osten, aliyekuwa mwalimu wa hesabu mjini Berlin, alikuwa na farasi aitwaye Hans. Farasi huyo alipoulizwa hesabu, alijibu kwa kugonga chini kwato lake mara zilizotakiwa. Mwaka 1904 kamati ilimchunguza isione hila yoyote. Ndipo mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipogundua kwamba Hans alishindwa asipomwona muulizaji, au muulizaji mwenyewe asipojua jibu. Hesabu hakuijua. Idadi ilipotimia, muulizaji aliinua kichwa kidogo sana bila kujitambua, na farasi akaacha kugonga.

Ikiwa mnyama aliweza hayo, mtoto wa darasa la tatu je? Twamwuliza, "Saba mara nane ni ngapi?" Anajibu, "Hamsini na nne." Tunakunja uso. "Hamsini na tano?" Tunainua nyusi. "Hamsini na sita!" Tunatabasamu, darasa linapiga makofi, na somo linaendelea. Kumbe mtoto hakuzidisha. Alikuwa akisoma uso wetu. Siku ya mtihani atakuwa na karatasi tu mbele yake, naye akishindwa tutamwita mvivu.

Tufanyeje? Kwanza, tukisha kuuliza, tunyamaze na uso utulie mpaka mtoto amalize kueleza. Pili, tuulize "Umepataje?" kwa jibu sahihi na kwa jibu lenye kosa vile vile. Tukiuliza hivyo kwa aliyekosea peke yake, swali lenyewe litakuwa limemwambia kuwa amekosa. Tatu, watoto wote waandike majibu yao kabla ya yeyote kusema.

Hatusemi mwalimu awe sanamu. Mtoto mwoga huhitaji uso mkunjufu ili athubutu kujibu. Lakini apewe kabla ya jibu, wala usibadilike akikosea.

Zoezi: Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aketi nyuma ya darasa, aandike kila ishara ambayo mwenzake anaitoa kabla ya jibu kukamilika. Baada ya somo waisome orodha hiyo pamoja, kisha wabadilishane zamu.