Somo la Ufundi: Nati Ikazwe kwa Nguvu Kiasi Gani?

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu mliokwisha kuhitimu, leo nataka tusome habari ya nati za pikipiki. Nakaa Butare ya Rusizi, kwenye vilima vilivyo juu ya bonde la Bugarama (si ule mji wa Butare ulio wilaya ya Huye, maana barua zetu hupotelea huko). Hapa kwetu pikipiki ndiyo gari la wengi, na nyingine ni kuukuu, kama Honda CG125 ya mjomba wangu, aina iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970.

Nilipokuwa kidato cha pili mjomba alinituma nimwage oili na kutia mpya. Nikamaliza, nikairudisha bolti ya chini ya injini, kisha nikaona afadhali niikaze sana. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye spana ili mkono uwe mrefu, nikavuta. Bolti ikakaza, ikakaza, kisha ghafla ikawa laini mkononi. Nilijua nimeharibu kitu, nikanyamaza.

Kesho yake mjomba alikuwa akiteremka kuelekea Bugarama, na mama mmoja amepanda nyuma. Bolti ikachomoka, oili yote ikamwagika, injini ikakwama na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Yule mama hakuumia. Mjomba alivunjika mtulinga. Nilimwambia ukweli siku ya nne.

Basi, kulitokea nini? Bolti ni kama springi ngumu. Tuikazapo hunyooka kidogo sana, nayo kwa kutaka kurudi hubana vile vitu viwili pamoja. Ikikazwa kidogo mno, haibani. Vitu hutikisika na nati hujifungua yenyewe. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba mtikisiko wa ubavuni ndio hasa ulegezao nati, na barabara zetu za mawe zina mtikisiko wa kutosha. Ikikazwa kupita kiasi, bolti hunyooka isirudi tena, au hukatika, au hung'oa hesi, yaani ile mifereji iliyochongwa ndani ya tundu. Injini ni ya aluminiamu na bolti ni ya chuma cha pua au chuma cha kawaida, mshindi twamjua.

Nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita torki, ni nguvu ya mkono mara urefu wa spana. Ukivuta kwa kilo 5 mahali palipo sentimita 20 kutoka katikati ya nati, umepata kilo-mita 1, karibu sawa na Newton-mita 10. Sasa mwaona ubaya wa lile bomba langu: mkono ukirefuka mara mbili, nguvu nayo ni mara mbili, na mwenye kuvuta hata hajisikii.

Vitabu vya Honda hutoa kipimo cha kawaida kwa bolti ambazo hazikutajiwa namba yake: unene wa milimita 6, kilo-mita 1, milimita 8, kilo-mita 2.2, milimita 10, kilo-mita 3.5. Angalia, ni unene wa bolti yenyewe, si namba ya spana. Bolti ya milimita 6 hufunguliwa kwa spana namba 10, na wengi hukosea hapo. Ekseli, kichwa cha silinda na bolti ya oili vina namba zao kitabuni.

Spana ya torki ni ghali. Lakini mizani ya springi ya sokoni, ile ya kuning'iniza, yaweza kusaidia. Funga mizani kwa kamba kwenye spana, sentimita 20 kutoka katikati ya nati, uvute polepole, mizani na spana vikifanya pembe mraba. Gawanya kilo-mita kwa urefu wa mita 0.2: kwa bolti ya milimita 8, 2.2 kwa 0.2 ni kilo 11. Mizani ikisoma 11 na nati bado inasogea kidogo tu, acha.

Hesi ziwe safi. Sehemu kubwa ya nguvu yako, kama tisa katika kumi, huliwa na msuguano. Ukitia oili pale ambapo kitabu hakikusema, msuguano hupungua na bolti hunyooshwa zaidi kwa namba ile ile. Na nati nne za kichwa cha silinda hukazwa kwa kuvukisha, moja na ile ya mkabala wake, kidogo kidogo kwa raundi mbili au tatu, la sivyo kichwa hupinda.

Fundi mmoja wa Kamembe alichonga hesi mpya, pana zaidi, na injini ikafunguliwa ikatengenezwa. Mizani tuliyoitumia tangu siku hiyo ni ya mke wa mjomba, ya kupimia maharage. Imeshika harufu ya oili, naye huja kuidai kila siku ya soko.