Suruali ya Baba, Sketi ya Shule

Shule hufunguliwa Januari, na kila Januari hapa kwetu Nachingwea na Ruangwa wako watoto wanaochelewa kuingia darasani kwa ajili ya sare. Mwaka 2016 serikali ilianza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne, lakini sare imebaki juu ya mzazi. Wakati huo fedha za korosho zimekwisha katika nyumba nyingi, za ufuta ziko mbali, na ndipo mtu anapokwenda kuuza kangomba: anapokea fedha kidogo leo kwa korosho za msimu ujao, ambazo mti haujazitolea hata ua. Haifai kupoteza magunia kwa sababu ya sketi moja. Basi leo tujifunze kushona sketi ya msichana wa miaka minane hivi kutokana na suruali kuukuu ya bluu, kwa sindano ya mkono.

Wazee wenzangu wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, tulipopanga foleni kwa ajili ya kitambaa, na mitumba ilikuwa imekatazwa. Suruali ilianza kwa baba, ikawa kaptura ya mtoto, ikamalizia kuwa viraka. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ile, mitumba ikaja kwa marobota na mikono yetu ikasahau kazi. Mimi siudharau mtumba. Suruali ya mnadani mara nyingi ina kitambaa imara kuliko sare mpya ya bei rahisi.

Kwanza fumua mishono yote ya miguu kwa wembe, polepole. Usichane, maana kitambaa kikichanwa hupinda. Fumua na pindo za chini. Utapata vipande vinne virefu. Vifue, vipige pasi, kisha kishike kila kimoja kuelekea jua. Mahali mwanga unapopenya sana, kitambaa kimechoka. Kwa kawaida ni makalioni na magotini.

Sasa litazame jambo ambalo wengi hawalioni. Mguu wa suruali ni mwembamba chini na mpana juu. Sketi ni kinyume chake. Kwa hiyo geuza vipande juu chini: penye kifundo cha mguu pawe kiunoni, penye paja pawe chini. Na kama rangi ya nje imepauka, tazama upande wa ndani; pande zote mbili zikifanana, ule wa ndani ndio uwe nje.

Pima sentimita 54 kutoka ncha nyembamba, ukate. Hapo umehesabu 45 za sketi yenyewe, 4 za kiuno na 5 za pindo. Upana wa ncha nyembamba usipungue sentimita 20. Vipande vinne ni 80. Mishono minne italia 12, zinabaki 68. Kiuno cha mtoto huyo kwa kawaida hakifiki 60, lakini usipunguze, kwa kuwa sketi lazima ipite nyonga. Mpira wa kiunoni utaikusanya nafasi iliyozidi.

Vipande vya nyuma ya suruali viwe mbele ya sketi, kwa sababu havikusuguliwa magotini. Viunganishe kwanza kwa bandi, mtoto aijaribu, ndipo ushone. Tumia uzi uliokunjwa mara mbili, hatua fupi fupi, na kila baada ya hatua chache rudisha sindano nyuma mara moja. Mshono usiorudishwa nyuma hufumuka mtoto akiruka kamba. Kingo za ndani zizungushie uzi zisichanike.

Shule nyingine hudai sketi ya marinda, nayo hula kitambaa zaidi. Muulize mwalimu kabla hujashika mkasi.

Sehemu za juu za suruali usizitupe: mfuko ukifumuliwa vizuri huhamia kwenye sketi. Shati jeupe lililochakaa kolani nalo lina dawa. Fumua kola, igeuze, ishone tena palepale, upande uliokuwa umefichika utokee.

Lile pindo la sentimita 5 lishone kwa hatua ndefu, zinazofumuka upesi. Mwaka ujao mtoto akirefuka, utaliteremsha.